Okidi Isiyo na Majani na Jinsi ya Kuitunza

Katika mji wa Dar es Salaam hapana mtu asiyeijua Kariakoo. Jina hilo ni ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliweka mahali hapo kambi ya wapagazi wao, na jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Watu wa mji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo hata leo. Jengo kubwa la soko, lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Katika soko hilo na mitaa iliyolizunguka hukutana mali za nchi nzima: nafaka na nazi, nguo na vyombo, viungo na dawa za miti. Tena kwa miaka mingi watu wa mji huu wamepika chakula chao kwa mkaa na kuni zilizotoka katika misitu na vichaka vya pwani.

Mara nyingine tawi la kuni huja na kitu kilichoshikamana na gome lake. Ni fundo la nyuzi za kijivu, kama uzi uliotatana, au kama kiota cha ndege kilichoharibika. Hakina jani hata moja. Mwenye kuni hukidhani kuwa ni uchafu, naye hukibandua na kukitupa, au hulitia tawi motoni pamoja nacho. Walakini kitu hicho chaweza kuwa mmea ulio hai, ambao huenda umekaa juu ya tawi lile miaka mingi kabla shoka halijafika, nao hutoa maua meupe kwa makumi. Mmea huo ni okidi, na wataalamu wa mimea huuita Microcoelia exilis.

Habari zake zafaa kujulikana, maana mimea mingi hufa si kwa sababu watu waichukia, bali kwa sababu hawaitambui.

Jamaa yake na jina lake

Okidi ni jamaa kubwa sana ya mimea. Aina zake zilizokwisha kuhesabiwa duniani zapata 28,000. Nyingine huota ardhini kama mimea mingine, na nyingine, hasa katika nchi za joto, huota juu ya matawi ya miti. Watu wengi wamekwisha kumwonja mmoja wa jamaa hii pasipo kujua, kwa maana vanila itiwayo katika maandazi na vitamutamu ni tunda la okidi itambaayo. Vanila hulimwa katika mkoa wa Kagera na katika kisiwa cha Unguja.

Okidi yetu hii ndogo iliandikwa katika vitabu vya elimu ya mimea mara ya kwanza mwaka 1830, na Mwingereza aitwaye John Lindley, aliyekuwa bingwa wa okidi katika zamani zake. Alichunguza mmea uliotoka Madagaska. Jina la kwanza, Microcoelia, limetungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake "dogo" na la pili "tumbo", kwa sababu nyuma ya kila ua pana kifuko kidogo cha mviringo kama kijitumbo. Jina la pili, exilis, ni neno la Kilatini, maana yake "nyembamba".

Mmea huu hauonekani Madagaska tu. Waota Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na Unguja, kisha washuka Malawi na Msumbiji hata kufika Afrika ya Kusini. Hupenda vichaka na misitu ya pwani, tena hupanda mpaka nchi zilizoinuka zaidi ya futi elfu tatu. Hukaa juu ya matawi ya miti ya mwituni, na mara nyingine juu ya miti iliyopandwa na watu.

Umbo lake

Shina la okidi hii ni fupi mno, hata ni shida kuliona, kwa kuwa limefichwa katikati ya mizizi. Mahali ambapo mimea mingine ina majani, hii ina vigamba vidogo vya kahawia tu, ambavyo havina kazi ya majani. Karibu mmea wote ni mizizi. Mizizi hiyo ni myembamba kama uzi wa katani au zaidi kidogo, nayo husokotana na kuninginia hewani. Ni michache tu inayolishika gome la mti.

Katikati ya fundo hilo hutokea vijiti vya maua, vyembamba kama sindano. Kijiti kimoja chaweza kufika inchi tisa au kumi. Juu yake hupangwa maua meupe mengi, na kila ua ni dogo kuliko punje ya mchele. Mtu akisimama mbali haoni kitu. Lakini akikaribia, na hasa akiwa na kioo cha kukuzia, ataona kila ua limekamilika kwa sehemu zake zote kama okidi kubwa za bustani: vipande vitatu vya nje, vitatu vya ndani, na kile kifuko cha mviringo nyuma yake.

Jinsi mizizi inavyofanya kazi ya majani

Mtoto aliyefundishwa habari za mimea atauliza: Ikiwa mmea hauna majani, wapata wapi chakula? Swali hilo ni la haki, maana katika mimea mingi jani ndilo jiko. Ndani ya jani mna rangi ya kijani, na rangi hiyo hushika nuru ya jua, na kwa nguvu ya nuru mmea hugeuza maji na hewa kuwa sukari.

Jibu lake ni kwamba si lazima jiko liwe katika jani. Mnyaa, ambao watu wa pwani huupanda uwe ua wa nyumba, huonekana kama fimbo tupu. Lakini fimbo zake ni za kijani, nazo ndizo zifanyazo kazi ya majani. Kadhalika katika vichaka vya pwani yetu iko vanila ya mwituni isiyo na majani, ambayo shina lake nene la kijani humtosha. Okidi hii imeipeleka kazi hiyo katika mizizi. Chini ya ngozi ya kijivu, mzizi wake una rangi ya kijani.

Ngozi hiyo ya kijivu nayo yastahili kutazamwa vizuri. Imefanyizwa kwa vijumba vidogo sana vilivyokufa na kubaki vitupu, vilivyopangwa kama sponji kuuzunguka mzizi wote. Mizizi ikiwa mikavu, vijumba hivyo hujaa hewa, na mzizi huonekana mweupe au wa kijivu. Matone ya mvua yakiuangukia, vijumba hunyonya maji kwa upesi sana, ngozi inakuwa kama kioo, na ile rangi ya kijani iliyo chini yake huonekana. Kisha upepo ukivuma, maji mengine hurudi hewani, mengine huingia ndani ya mmea, na mzizi huwa wa kijivu tena.

Hivi ndivyo ilivyo njia rahisi ya kuitambua okidi iliyo hai. Mtu akidondosha maji kidogo juu ya mzizi na kungoja kitambo, mzizi ulio hai hugeuka kijani, tena ni mgumu ukiguswa. Mzizi uliokufa hubaki wa kahawia, nao hubonyea kama karatasi. Jambo hili dogo lingeokoa mimea mingi isiingie motoni.

Mpangaji asiyeiba

Wako watu wanaoiona okidi juu ya mwembe wao, nao hudhani ya kuwa inanyonya damu ya mti, wakaikwangua kwa panga. Hapo hapana budi kutofautisha mambo mawili. Ni kweli kwamba iko mimea inayonyonya. Mmea wa namna hiyo hupenyeza mizizi yake ndani ya mti mpaka kuifikia njia ya maji, na huishi kwa jasho la mwenzake. Miembe mingi ya mjini imedhoofishwa na wanyonyaji hao, na kuwakata ni haki.

Lakini okidi haiko hivyo. Mizizi yake hulala juu ya gome tu, wala haipenyi. Maji yake ni ya mvua na umande, na chumvichumvi zake ni za vumbi na uozo mdogo unaochukuliwa na maji ya mvua yatiririkayo juu ya gome. Katika nyumba za Kariakoo, ambamo jamaa nyingi hupanga vyumba kuuzunguka ua mmoja, mfano huu si mgumu kufahamika. Mnyonyaji ni kama mtu aingiaye chumbani kwa jirani na kupakua katika sufuria yake. Okidi ni kama mgeni aliyeomba mahali pa kulaza kichwa barazani, na chakula amekuja nacho mwenyewe.

Kwa nini haiongezeki upesi

Ua likichavushwa hugeuka kuwa tunda dogo, na tunda likikauka hupasuka na kumwaga mbegu. Mbegu za okidi ni kama vumbi. Upepo huzichukua mbali sana, lakini karibu zote hupotea. Sababu yake ni kwamba mbegu ya okidi haina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo mbegu ya kunde au ya mahindi. Mwaka 1899 Mfaransa aitwaye Noël Bernard alivumbua ya kuwa mbegu hizo, ili ziote, huhitaji msaada wa kuvu, yaani jamaa ya uyoga na ukungu. Kuvu huingia katika mbegu, na mmea mchanga hupata chakula chake kwa njia hiyo mpaka uweze kujitegemea. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu zaweza kuota hata pasipo kuvu, zikiwekwa katika chupa safi yenye sukari na chumvi za mimea. Tangu hapo okidi zikaweza kuoteshwa kwa maelfu katika vyumba vya wataalamu. Lakini juu ya mti hapana chupa. Mbegu yapasa iangukie mahali penye gome la kufaa, penye kuvu ya kufaa, na penye unyevu wa kutosha, kisha mche huchukua miaka kadhaa kabla haujachanua.

Kwa hiyo mti mkubwa ukikatwa, haupotei mti peke yake. Wapangaji wake wote huanguka pamoja nao, na hawana mbegu ya akiba ardhini. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo kusini-magharibi ya Dar es Salaam, ilikatwa sana kwa ajili ya mkaa na kuni za mjini, ijapokuwa ilikuwa hifadhi. Sasa yasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kama hifadhi ya mazingira asilia. Katika nyanda za juu za kusini mambo yalikuwa mengine: huko watu walichimba viazi vya okidi za ardhini, vikapelekwa Zambia kufanyizwa chakula kiitwacho chikanda. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na okidi zake ni sababu mojawapo kubwa.

Tena uko mkataba wa mataifa uliofanywa mjini Washington mwaka 1973 kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya mwituni, na Tanzania imo katika mkataba huo. Jamaa yote ya okidi imeandikwa ndani yake, na mtu hawezi kuuza okidi za mwituni nje ya nchi pasipo kibali. Vilevile katika hifadhi ya msitu hairuhusiwi kung'oa mmea wowote bila ruhusa.

Basi mtu apate wapi okidi ya kutunza? Kanuni yake ni nyepesi. Okidi iliyo juu ya mti ulio hai iachwe pale pale, maana hakuna bustani iliyo bora kuliko tawi iliyolichagua yenyewe. Lakini ikiwa mwenye ua anakata mwembe wake, au tawi limevunjwa na upepo, okidi iliyo juu yake itakufa isipookolewa. Hiyo yaweza kuchukuliwa, kwa ruhusa ya mwenye mti. Ikiwezekana, ikatwe pamoja na kipande cha tawi kilichoishika, bila kuibandua mizizi. Mzizi uliobanduliwa huumia, na mara nyingi haushiki tena. Mmea hungoja mpaka utoe mizizi mipya.

Kuifunga

Okidi iliyokuja na kipande chake cha tawi haihitaji kazi nyingine ila kutundikwa. Iliyobanduka hutafutiwa makao mapya. Kipande cha mti chenye urefu wa futi moja chatosha. Mti uwe mgumu, wenye gome la kukwaruza lisilobanduka upesi, kama mwembe au mkwaju. Ubao uliopakwa rangi au dawa ya mchwa haufai. Wala haufai mti uliookotwa pwani, kwa sababu umeshiba chumvi ya bahari, na chumvi huunguza mizizi.

Mmea uwekwe juu ya gome, mizizi ikitandazwa kwa kadiri inavyokubali yenyewe, kisha ufungwe kwa kitambaa laini. Katika mitaa ya Kariakoo mafundi cherehani hutupa vipande vingi vya nguo kila siku, na utepe mmoja mwembamba wa pamba watosha kazi hii. Waya wa shaba usitumiwe, maana shaba ni sumu kwa okidi. Utepe ukazwe kiasi cha kuuzuia mmea usitikisike, usikazwe hata kuikata mizizi. Miezi ikipita na mizizi mipya ikilishika gome, utepe huondolewa.

Hapa watu wengi hukosea kwa wema. Wakiuona mmea mtupu usio na majani, huuonea huruma, wakaufukia katika udongo mzuri wenye mbolea, au wakaufunika kwa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa. Okidi nyingine zenye majani hupenda makumbi, lakini hii hufa. Mizizi iliyofunikwa haioni nuru, kwa hiyo haiwezi kupika chakula. Tena haikauki, kwa hiyo huoza. Kuifukia okidi hii ni sawa na kuyafukia majani ya mmea mwingine wowote.

Mahali pa kuitundika

Mahali pafaapo ni pale penye nuru nyingi pasipo jua kali. Baraza inayotazama mashariki yafaa sana, kwa kuwa jua la asubuhi ni pole. Katika nyumba ya ghorofa, roshani yaweza kufaa, mradi jua la saa sita lisiifikie okidi. Uani, chini ya mti wenye kivuli chepesi, ndipo pazuri kuliko pote. Chumbani hapafai, kwa sababu nuru ni haba na hewa imesimama.

Katika nyumba nyingi za mjini jiko la mkaa huwekwa uani. Okidi isitundikwe juu yake wala karibu nayo. Moshi na joto lake huikausha mizizi, na masizi huziba ile ngozi ya sponji. Yapasa pia kuitundika juu, mbali na mikono ya watoto wadogo na midomo ya mbuzi na kuku.

Kuinywesha

Katika kunywesha sharti liko moja: mizizi ilowe barabara, kisha ikauke upesi. Ndivyo mvua ya pwani ifanyavyo, hunyesha kwa nguvu kisha jua na upepo hurudi. Maji ya mvua ndiyo bora. Yakikingwa kwenye bati, yale ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yameosha vumbi la paa. Maji ya bomba yaweza kutumika yakiachwa usiku kucha katika ndoo iliyo wazi. Lakini maji ya visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, nayo ni heri yaepukwe.

Kipimo cha kunywesha hufuata majira. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, joto ni kali, na okidi huhitaji maji kila asubuhi. Siku ya upepo mkavu huongezwa kidogo alasiri. Masika yakianza mwezi wa Machi, mvua yenyewe hufanya kazi, na mtunzaji hutazama tu. Mvua ikishinda siku nyingi pasipo jua, kipande cha mti kihamishwe chini ya upenu penye upepo, ili mizizi ipate nafasi ya kukauka. Wakati wa kusi, tangu Juni hata Septemba, hewa hupoa, na kunywesha kwaweza kupunguzwa, kwa kufuata kukauka kwa mizizi. Mvua za vuli zikija, okidi huamka tena.

Maji yamwagwe mpaka mizizi yote igeuke kijani, kisha yaachwe yachuruzike. Yasitiwe jioni sana, kwa maana mizizi ikilala na maji usiku kucha huweza kuoza. Mtu aliyejifunza kuitazama rangi hahitaji kuhesabu siku. Mizizi ya kijivu yasema ina kiu, na mizizi ya kijani yasema imeshiba.

Chakula cha ziada si lazima. Anayependa kukitia, na atumie mbolea ya kuyeyushwa majini, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake, mara moja kwa wiki mbili, wakati ncha za mizizi zinapokua. Siku ifuatayo mizizi ioshwe kwa maji matupu. Anayefikiri kwamba mbolea nyingi huleta maua mengi ataiona mizizi ikiungua ncha zake.

Adui zake na dalili za afya

Konokono ni adui wa kwanza. Usiku hutoka na kuzila ncha laini za mizizi. Huokotwa kwa mkono, baada ya mvua, kwa mwanga wa taa. Adui wa pili ni wadudu gamba, wadogo, wa kahawia au weupe, wasiotembea, ambao hung'ang'ania mzizi na kuunyonya. Sisimizi wakionekana wakipanda na kushuka juu ya okidi, mara nyingi ni kwa sababu ya wadudu hao, kwani hupenda utamu wanaoutoa. Wadudu gamba huondolewa kwa brashi laini iliyochovywa katika maji ya sabuni kidogo, kisha mmea huoshwa vizuri.

Mizizi ikiwa ya kahawia na laini, imeoza kwa maji mengi. Ikatwe kwa wembe safi, na mmea uachwe mkavu siku chache. Mizizi ikiwa imesinyaa na kuwa kama nyuzi za ufagio, imepata kiu kwa muda mrefu. Mizizi ikiwa minene, ya kijivu kikavu, na yenye ncha za kijani kibichi zinazong'aa, hiyo ndiyo afya, na mtunzaji hana la kufanya ila kungoja.

Na kungoja kwenyewe ni kurefu. Okidi iliyobanduliwa yaweza kukaa mwaka mzima au zaidi bila ua. Ndiyo maana mtunzaji mwenye busara huandika katika daftari siku aliyoifunga, siku aliyoona ncha mpya, na siku ya kijiti cha kwanza cha maua. Kumbukumbu kama hizo, zikiandikwa kwa uaminifu, huweza hata kuwafaa wataalamu, maana mtu aonaye mmea mmoja kila siku huona mambo ambayo mgeni wa siku moja hayaoni.

Shule iliyo mjini yaweza kuanza na kazi iliyo rahisi zaidi. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, iko karibu na Makumbusho ya Taifa, na kutoka Kariakoo hufikiwa kwa miguu kwa kupita Mnazi Mmoja. Huko wanafunzi waweza kujifunza kuyatofautisha magome ya miti, kujua lipi hushika maji na lipi hubanduka, na kutazama ni mimea gani iliyokaa juu ya matawi, ipi ni ya kunyonya na ipi ni ya kupanga tu. Baada ya hapo warudi nyumbani na kuitazama miti ya uani kwao. Na siku mwenye nyumba atakapoleta panga kupunguza matawi ya mwembe, au tita la kuni litakaposhushwa mlangoni, mtoto aliyejifunza hivyo atauliza kwanza kikombe cha maji, naye atadondosha matone machache juu ya lile fundo la nyuzi za kijivu, kisha atangoja aone kama linageuka kijani.